Ukiitwa na Gunia Kichwani, Usigeuze Shingo

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na saba, baba yangu alianguka kutoka juu ya mkorosho akafa, na mimi nikaanza kula kwa kichwa changu. Sisemi kwa akili. Kwa akili wanakula waliosoma. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Nasema kwa kichwa, hiki kigumu kilichokaa juu ya shingo. Nilitoka Newala nikafika Kariakoo, wakaniwekea gunia juu yake, na gunia likapapenda.

Nawaandikia ninyi vijana kwa sababu ya mjukuu wangu Shaabani, anayefanya kazi ofisini kule Posta. Juzi alikuja kunitembelea hapa Magomeni. Badala ya shikamoo akaanza na "Babu, mambo?" Nikamwambia mambo nimemwachia yeye. Akakaa, akageuza kichwa atazame televisheni, shingo ikalia ko. Akaishika kama mtu aliyepigwa rungu. Akaniambia inakaza kila siku, inalia kila akigeuka, kaiuliza simu na simu imemtajia magonjwa mpaka kakosa usingizi. Nikamuuliza kwani anabeba nini huko ofisini. Akasema kompyuta. Nikamuuliza anaibeba kichwani? Akasema, hapana Babu, naitazama.

Pole sana, mjukuu wangu. Kutazama kumekulemea.

Basi kaeni niwaambie habari za shingo, maana naona mnazo na hamjui matumizi yake.

Kariakoo ya wakati ule malori ya mchele, sukari na maharage yalishushwa kwa vichwa vya watu. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Mimi si Mnyamwezi, lakini gunia halikuniuliza kabila. Kwenye mikutano tuliambiwa kwamba unyonyaji umekwisha, sasa sote ni ndugu. Tukapiga makofi. Asubuhi yake ndugu mwenye ghala alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na ndugu mimi nilikuwa chini ya gunia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilumba, mtu wa Masasi, kiongozi wa makuli wa upande wetu. Alikuwa mfupi, shingo nene kama kinu. Sikuwahi kumwona akigeuza kichwa. Ukimwita kutoka nyuma alizunguka mwili mzima, taratibu, kama mlango wa ghala. Wageni walidhani ana maringo. Siku yangu ya kwanza nilijitwika gunia, nikalipeleka, nikalitupa chini kwa kishindo, nikajiona mwanamume. Mzee akaja akanisimamia. Akasema kujitwika hata punda anajua. Kazi ni kutua.

Alinifundisha kusokota ngata, ile pete ya kitambaa unayoweka kichwani chini ya mzigo. Isokotwe kwa kanga kuukuu, kanga mpya inateleza. Kidevu ukirudishe ndani kidogo, usikitoe mbele kama kuku anayetafuta punje. Mabega yabaki chini, kwani mabega si masikio, ya nini kuyapandisha? Meno yasiumane, maana ukiuma meno shingo nayo inauma meno. Ukitaka kuona, tembeza macho. Halafu ikaja sheria kubwa kuliko zote: ukiitwa, itika kwa mdomo na ugeuke kwa visigino. Shingo iliyo chini ya gunia si yako mpaka utue.

Kariakoo nzima iliijua sheria hiyo. Mtu mwenye adabu hakumsalimia kuli kutoka nyuma. Alimpita, akasimama mbele yake mbali kidogo, ndipo akatoa salamu. Leo mtu anakupigia honi mgongoni na kukutukania mama, hapo kakusalimia.

Nikazoea. Lakini mwili nao unazoea kwa masharti yake, na baada ya muda shingo yangu ikaanza kulia. Nikitua gunia na kugeuka kutafuta maji, ko. Nikiamka, ko. Haikuuma, ililia tu, na ikawa inakaza jioni. Wenzangu wakanibandika jina Kufuli. Walisema wezi wa usiku wakinisikia wanadhani mwenye nyumba anafunga mlango.

Sasa niwaambie namna sheria ile ilivyonishinda siku ambayo niliihitaji zaidi.

Karibu na Msimbazi, kwenye baraza la duka la vitambaa, alikuwepo fundi cherehani anaitwa Mzee Shomari, Mzaramo, mwenyeji wa mji, aliyefiwa na mkewe. Binti yake Zaina alimletea chakula cha mchana kutoka Magomeni. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa na gunia la sukari, na kwa kuwa sikuweza kugeuza shingo, nilimwona kwa jicho la pembeni tu. Ilitosha. Kuanzia hapo mzigo wowote, hata wa kupelekwa upande wa pili wa soko, ulipitia barazani kwa Mzee Shomari. Mzee Chilumba aliniambia yeye katika maisha yake hajaona gunia linalozurura.

Nikamtuma huyohuyo Mzee Chilumba awe mshenga wangu. Akavaa kanzu, akaenda, akarudi. Jibu lilikuwa kwamba mzee hajakataa wala hajakubali. Anataka kwanza kunitazama mwenyewe.

Hazikupita siku nyingi, napita pale barazani na gunia la mchele, nasikia nyuma yangu, "We kijana."

Ilikuwa sauti yake. Sheria niliijua. Kuitika kwa mdomo, kugeuka kwa visigino. Lakini visigino vinachukua muda, na mimi nikawaza, mtu anayetaka kunipa binti yake nimpe kisogo huku najizungusha kama ng'ombe wa kinu? Adabu ikanipanda kichwani, kulikokuwa tayari na gunia. Nikageuza shingo upande wa kulia, nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Ko.

Gunia likataka kwenda upande wake. Nikalizuia, na kwa kuwa mikono ilichelewa nikalizuia kwa shingo. Wenzangu wakakimbia wakanitua. Gunia lilikuwa zima. Mimi nilikuwa natazama kulia, na huko kulia ndiko shingo ilikobaki. Mzee Shomari akasema marahaba, kumbe alitaka tu kuniambia kwamba Ijumaa niswali karibu naye. Nikamwitikia huku namtazama mwuza karanga aliyekuwa pembeni, ambaye naye akaitikia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu inayokwenda mbele na uso unaokagua maduka. Watani wangu walifurahi sana. Walisema wameona watu wengi wakioa shingo upande, lakini wa kuposa hivyo ni mimi wa kwanza.

Kesho yake jioni nilikuwa na mazoezi ya mgambo. Wakati ule kukosa mazoezi ilikuwa kujitafutia maelezo, basi nikaenda hivyohivyo. Tukapangwa mstari. Mwalimu akaamuru kulia tazama. Nani aliyetazama kulia kabla ya wote, tena kwa unyoofu? Mwalimu akawaambia wengine wanitazame, huyu ndiye ndugu mwenye nidhamu. Kisha akaamuru mbele tazama. Mstari mzima ukatazama mbele. Akanisogelea.

"Ndugu, unatazama nini?"

"Kulia, Afande."

"Nimesema mbele."

"Nimesikia, Afande."

"Sasa?"

"Shingo ndiyo haijasikia."

Nikazungushwa uwanja kwa kosa la kejeli. Kwa bahati uwanja niliuzunguka kwa kulia, angalau nilikuwa naona niendako.

Nilipotoka pale nikaingia kwa kinyozi mmoja wa mtaani aliyekuwa na sifa ya kualisha shingo. Kila aliyenyolewa kwake alimaliza kwa kupindwa kichwa huku na huku, ko, ko, na watu waliondoka wamefurahi kama waliozidishiwa kipimo. Akanikalisha, akanishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akaniambia nilegee niwaze jambo zuri. Nikamuwaza Zaina. Akapinda. Nilisikia sauti kama za mtu anayemenya karanga, na nyota za mchana nikaziona. Kabla ya hapo nilikuwa siwezi kutazama kushoto. Baada ya hapo nikawa siwezi kutazama chini pia. Akangoja nimshukuru.

Vijana, mtu asiyejua una nini akikushika kidevu na kisogo halafu akakwambia ulegee, simama uondoke. Shingo si kizibo cha soda.

Zahanati walinipa vidonge na maneno mawili. La kwanza, ganzi ikishuka mkononi au mkono ukiishiwa nguvu, nirudi mbio nisingoje kesho. La pili, nipumzike. Ganzi haikushuka. Kupumzika nako hakukuja, maana wakati ule kila kitu kilikuwa na foleni yake.

Ndipo Mzee Chilumba akanichukua chumbani kwake. Akakaanga chumvi ya mawe, akaifunga kwenye kitambaa, akaipima kwanza kwenye mkono wake mwenyewe asije akaniunguza, akanikanda begani. Nilimwambia panapouma ni shingoni. Akasema moshi unatoka juu ya paa, moto uko jikoni. Akapaka mafuta ya ufuta, akakanda nyama ya bega na ya mgongo, mfupa hakuugusa. Kisha akanikalisha wima.

"Tazama kushoto," akasema.

"Shingo haigeuki, Mzee."

"Nimetaja shingo? Tazama kwa macho."

Nikatazama kwa macho. Akaniambia nivute pumzi, niitoe polepole, mabega yashuke. Tena macho kushoto, tena pumzi. Hakunivuta, hakunisukuma. Baada ya muda shingo ikasogea yenyewe, kidogo tu, kama mtoto aliyenuna anayetaka kujua wenzake wanacheza nini. Akaniambia basi, tosha, ukiilazimisha itanuna tena. Usiku nikalala na kitambaa kimeviringishwa chini ya shingo. Dawa yote ndiyo hiyo. Shaabani nilipomweleza akaniuliza inaitwaje kwa Kiingereza. Nikamwambia inaitwa subira, akatafute mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Shingo ilikuwa inafika katikati na kuvuka kidogo. Msikitini Mzee Shomari akakaa mkono wangu wa kushoto, na sikudhani ni bahati mbaya. Mnajua swala inavyomalizika: salamu kulia, salamu kushoto. Ya kulia niliitoa vizuri mno, nilikuwa na mazoezi. Ya kushoto nikageuka kwa kadiri nilivyoweza.

Ko.

Msikiti ulikuwa kimya. Nikaomba ardhi ipasuke. Halafu, hapohapo ubavuni kwangu, nikasikia nyingine, kavu zaidi, ya kizamani.

Ko.

Nje, tukitafuta viatu, mzee hakuzunguka mbuyu.

"Yako ni ya gunia," akasema. "Yangu ni ya cherehani. Nimeinama pale tangu Mwingereza yupo. Nani anakukanda?"

"Mzee Chilumba."

"Mimi ananikanda Zaina. Tangu mama yake afariki, kila jioni. Mikono ya binti yangu inanuka mafuta ya mwarobaini, haijajua udi. Leo nimtoe kwenye shingo hii nimpeleke kwenye shingo nyingine?"

Nikamsogezea viatu vyake.

"Mwezi wa Ramadhani ukiisha utaswali tena hapa ubavuni kwangu," akasema. "Nitasikiliza. Ikilia, usimtume mtu kwangu."

Wengine wanadaiwa mahari. Mimi nilidaiwa kimya.

Zaina nilimpata kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika pale Magomeni. Foleni zile mnazisikia kwenye hadithi. Mimi nazishukuru, maana ndipo pekee ambapo ungeweza kusimama karibu na binti wa mtu nusu siku na asiwepo wa kuuliza unafanya nini. Nikamweleza masharti ya baba yake. Hakunionea huruma hata chembe.

"Baba kasema lake, na mimi nina langu," akasema. "Ilie isilie, mimi sikandi."

"Hata nikiwa mumeo?"

"Hasa ukiwa mume wangu. Tafuta kitu kingine cha kubebea. Kichwa ubaki nacho cha kuvalia kofia."

Sukari yenyewe iliisha kabla hatujafika dirishani. Lakini nilishapata nilichofuata.

Nikaenda Gerezani kwa mafundi wa vyuma, nikatafuta ekseli ya gari bovu na matairi yaliyochoka, seremala akanitolea mbao, nikatengeneza mkokoteni. Wenzangu waliusema siku nzima. Waliniambia nimeogopa. Mzee Chilumba hakucheka, alinuna, ikawa vibaya zaidi. Akasema nimezaliwa na kichwa, sikuzaliwa na tairi, na kazi inayofanywa na magurudumu haina fundi.

Na siku ya kwanza ilikuwa kama ameniapiza. Nilipakia magunia yote nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa na nafasi. Nikashika mikono ya mkokoteni, nikavuta. Nyuma ikashuka, mbele ikapanda, na mimi nikapanda nayo. Nikaning'inia hewani kama nguo iliyoanikwa, miguu inatafuta Tanzania. Ilitokea wapi? Mbele ya baraza la Mzee Shomari, mkosi haujui kupotea njia. Mzee hakuinua kichwa, asingeweza. Akaendelea kushona, akaniuliza huko juu kuna nini.

Ndipo nikajua kwamba uzito wa mkokoteni unakaa juu ya ekseli, na unaegemea mbele kidogo tu, upate kukutii. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililisoma nikiwa angani. Nikajua na jingine: mwenye mkokoteni lazima ageuze shingo, la sivyo lori litamgeuza. Kila nilipopita njia panda nilianza kwa macho, pumzi, mabega chini, kisha shingo. Kazi yenyewe ikawa mkandaji wangu. Mfungo wote nikafanya hivyo, na Mzee Chilumba, pamoja na kununa kwake, aliniita kila baada ya futari akanikanda bila kunisemesha.

Mwezi ulipokaribia kuandama shingo yangu ilikuwa inafika kushoto mpaka mwisho. Haikazi, haiumi. Ila pale mwisho kabisa, mwisho wenyewe, bado ilikuwa na ko moja ndogo, kama mpangaji anayekataa kuhama. Nikamwambia Mzee Chilumba. Akaniuliza inauma? Nikasema hapana. Akasema basi iache ilie, mlango ukilia si lazima uwe umeoza. Hilo ni neno la kweli na nawapa bure, ninyi mnaokesha mkiiuliza simu. Lakini Mzee Shomari hakuwa ameniuliza kama inauma. Alisema atasikiliza.

Ikafika Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Mzee akakaa kushoto kwangu, kanzu imenyooka, sikio limenyooka zaidi. Salamu ya kulia ikapita kimya. Ilipofika ya kushoto, Mungu anisamehe, sikugeuka. Nilingoja. Nilimngoja yeye kama kuli anavyomngoja mwenzake washuke wote chini ya mzigo. Nilipoona kwa jicho la pembeni kidevu chake kinaanza safari, nami nikaanza yangu.

Ko.

Ilisikika moja tu.

Nje akavaa viatu vyake polepole. Mimi nilikuwa natafuta kandambili zangu, ambazo nilikuwa nimeshazivaa.

"Leo imelia moja," akasema.

Nikainua kiatu cha mtu, nikatazama chini yake.

"Lakini yangu haina sauti nzito namna ile."

Nikazidi kutafuta kandambili.

"Ulinisubiri nigeuke?"

"Ndiyo, Mzee. Mkubwa hutangulia."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika shingo, maana nayo kicheko kiliitonesha. Alipotulia akasema, "Anayejua kumsubiri mzee ageuke, hatamvuta binti yangu shingo. Mwambie Chilumba aje. Na wewe njoo na huo mkokoteni wako, Zaina ana kitanda cha mama yake."

Nilikivuta kitanda hicho kutoka Magomeni upande mmoja mpaka Magomeni upande wa pili, uzito wote juu ya ekseli, watu wanapiga vigelegele. Mzee Shomari tulimchukua nyumbani kwetu baadaye, na ikawa mimi ndiye ninayemkanda jioni, kwa chumvi na mafuta ya ufuta, begani kwanza. Zaina alikaa pembeni akinusa mikono yake mwenyewe, inayonukia udi.

Mzee Chilumba aliendelea na kichwa chake muda mrefu baada ya Kariakoo kujaa mikokoteni. Siku moja akanifuata nikiwa nimepakia mchele, akazunguka mwili mzima mpaka akanielekea. Akavua ngata kichwani, akaiweka juu ya magunia yangu. Akaniambia nimpelekee, kichwa kimechoka. Nikaivuta ngata ile mpaka kwake kama nimevuta nyumba. Kwake akakataa kuipokea.

Shaabani naye, baada ya mimi kumweleza yote haya, akamgeukia bibi yake akamwomba amkande kidogo tu. Bibi yake akamjibu kwamba kwenye foleni hiyo babu yake ametangulia, na bado hajafika dirishani.

Leo ninazo mali hizi. Nyumba ya matofali Magomeni, ina mlango wa mbele naupaka rangi kila Idi. Kiwanja Mbagala, kina ukuta. Mikokoteni, sivuti tena, wanavuta vijana wenye shingo mpya. Cherehani ya mkwe wangu, inashona. Ngata ya Mzee Chilumba, iko juu ya kabati. Mke mmoja, hakandi. Na shingo moja, inageuka pande zote mbili. Kushoto inalia.